Khabari za Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy, Mfasiri wa Kitabu kwa Kiswahili

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu Mtukufu, na kumtakia rehema na amani Mtume wake Muhammad na jamaa zake na masahaba wake, nasema mimi mja mnyonge, mwalimu wa chuo huku Dindira katika milima ya Korogwe: nimetakwa na ndugu zangu wa pwani niwaandikie khabari za marehemu Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy, nami nimeitikia, hali najua kwamba wako waliokaa mbele yake na kuisikia sauti yake, nao wana haki ya kumsimulia kuliko mimi. Mimi sikumwona. Alipofariki mwaka 1982 nilikuwa ningali mtoto wa chuo. Lakini kitabu chake kimenilea tangu siku hizo hata leo ndevu zinaingia mvi, na khabari nitakazozieleza hapa zaidi ni za kitabu hicho na za mkono uliokiandika.

Alizaliwa mjini Unguja mwaka 1912, mwanzo wa enzi ya Sayyid Khalifa bin Harub. Unguja ya zama zile ilikuwa kama kisima cha watu wote wa mwambao. Wa Lamu na Barawa, wa Ngazija na Mrima, kila aliyetaka elimu alipanda chombo akaenda kuteka huko. Wanavyuoni wawili ndio waliokuwa nguzo za mji, nao ni Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumait na Sheikh Abdalla Bakathir. Wote wawili walifariki mwaka 1925, na Sheikh Abdulla wakati huo alikuwa kijana wa miaka 13 tu. Basi elimu yao ilimfikia kwa njia ya watoto wao na wanafunzi wao. Alisoma kwa Sheikh Abubakar, mwana wa huyo Sheikh Abdalla Bakathir, na kwa Sayyid Umar, mwana wa huyo Sayyid Ahmad, na kwa Sheikh Muhammad bin Umar al-Khatib. Hawa ni watu ambao kila mmoja wao angestahili kijitabu chake.

Lakini jambo moja lilimtenga na wenziwe wengi waliokaa katika mkeka mmoja naye. Alisoma pia katika skuli ya serikali, akafundishwa ualimu, akawa mwalimu wa skuli tangu miaka ya 1930, kisha akawa mkaguzi wa masomo ya dini katika skuli za Unguja na Pemba. Mtu huyu alijua ubao wa chuo na ubao wa chaki pia. Aliyezoea kusimama mbele ya watoto 40 wenye usingizi hujifunza jambo ambalo mwanachuoni wa barazani huenda asilijue maisha yake yote: neno lisilofahamika ni sawa na neno lisilosemwa. Nami naona Kiswahili chake chepesi, chenye sentensi fupi, kisichojipamba, kilitoka huko zaidi ya kilivyotoka katika vitabu vya lugha.

Mapema aliandika tarekhe. Mwaka 1942 alitoa kitabu cha Seyyid Said bin Sultan, na mwaka 1944 akatoa tarekhe ya Imamu wetu Shafi pamoja na wanavyuoni wakubwa wa Mashariki ya Afrika. Vitabu hivyo nimevipitia, na vina faida. Lakini kama angaliishia hapo, tungalimkumbuka kama tunavyowakumbuka wengi, kwa jina na dua. Kazi iliyomfanya akumbukwe hata na bibi kizee wa milimani asiyejua Unguja iko upande gani ni kazi ya kuifasiri Qur'ani.

Hapa, ewe ndugu msomaji, yafaa tusimame kidogo, kwani vijana wa leo wanaona jambo hili ni jepesi. Wanafungua kitabu, upande huu Kiarabu, upande huu Kiswahili, na wanadhani hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu zama za mababu. Sivyo. Desturi ya pwani ilikuwa kwamba mwezi wa Ramadhani sheikh hukaa msikitini na Tafsiri ya Jalalaini mbele yake, kitabu cha wanavyuoni wawili wa Misri wa madhhebu yetu: Jalaluddin al-Mahalli aliyefariki mwaka 1459, aliyefasiri kutoka Sura ya Kahf hata mwisho, na Jalaluddin as-Suyuti aliyefariki mwaka 1505, aliyeifasiri ile nusu ya kwanza. Sheikh husoma Kiarabu, kisha hueleza kwa Kiswahili, na watu husikiliza hata magharibi ikaribie. Maana ya Kitabu ilikuwa ikisemwa kwa Kiswahili kila mwaka, katika kila mji, tangu karne nyingi. Ulimi ulikuwa halali. Wino ndio uliotiliwa shaka.

Na shaka hiyo haikuwa ya kipumbavu. Imamu Shafi hakuruhusu kabisa kusoma Fatiha katika sala kwa lugha isiyokuwa Kiarabu. Asiyeiweza husoma aya nyingine, asiyeweza aya hutaja dhikri, na asiyeweza hata dhikri husimama kimya kwa kadiri ya muda wa Fatiha, wala hasomi tafsiri yake. Imamu Abu Hanifa imepokewa kwake kwamba aliruhusu Kifursi, na imepokewa tena kwamba alirejea katika kauli hiyo. Basi wazee wetu waliogopa kwamba tafsiri ikishaandikwa itakaa mahali pa Kitabu chenyewe, na watoto wataacha kuhangaika na herufi. Hata Misri kwenyewe wanavyuoni wa Azhar walishindana juu ya jambo hili katika miaka ya 1930, baada ya Mwingereza aliyesilimu, Marmaduke Pickthall, kutoa tafsiri yake ya Kiingereza mwaka 1930. Sheikh al-Maraghi, aliyekuwa mkuu wa Azhar, ndiye aliyesimama upande wa wanaosema kuwa inafaa kufasiri maana. Ukitofautisha maana na Qur'ani yenyewe, mlango unafunguka.

Lakini wakati wazee wetu wa pwani wakiogopa wino, wino ulikwisha mwagika kwa mkono wa mtu mwingine. Kasisi Godfrey Dale wa misheni ya UMCA, aliyekaa Bonde, jirani zetu kabisa, kisha akakaa Unguja, alitoa tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili mwaka 1923, ikapigwa chapa London, na chini yake akatia maelezo ya kuwasaidia wahubiri wake kuhojiana na Waislamu. Basi ikawa ajabu hii: Mwislamu wa Mrima asiyejua Kiarabu, akitaka kusoma maana ya Kitabu chake katika lugha yake, hana ila kitabu cha kasisi. Simlaumu kasisi. Alifanya kazi yake kwa jitihada.

Aliyeliona jambo hili na kulisema waziwazi ni Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891, mwanafunzi naye wa wale wawili wa Unguja. Alitoa gazeti lake Sahifa mwaka 1930, kisha al-Islah mwaka 1932, akiwazindua watu kwa lugha yao. Akawa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alianza kuifasiri Qur'ani mwenyewe, lakini mauti yalimfikia mwaka 1947 kazi haijatimia. Iliyopatikana katika maandishi yake ilikuja kutengenezwa na kupigwa chapa miaka mingi baadaye na mwanafunzi wake Sheikh Muhammad Kasim al-Mazrui. Sheikh Abdulla alikuwa akimpenda Sheikh al-Amin na kufuata nyayo zake, na mtu akitazama miaka ataona kwamba kazi haikulala muda mrefu baada ya mmoja kuiwacha na mwingine kuishika.

Kisha likaja lililomharakisha. Mwaka 1953 Makadiani, wajiitao Ahmadiyya, walitoa tafsiri yao nzima ya Kiswahili kwa kazi ya Sheikh Mubarak Ahmad. Chapa yake ilikuwa nzuri, na Kiswahili chake kizuri. Tofauti ilikuwa katika watu wa Kitabu: walivyoelezwa na walivyohukumiwa. Chukua Nabii Isa. Sisi tunashika kwamba hakuuawa wala hakusulubiwa, bali Mwenyezi Mungu alimpaza kwake, naye atashuka karibu na Kiyama. Wao wanasema alitiwa msalabani akateremshwa akiwa hai, akaenda zake Kashmiri, akafa huko kama wafavyo watu, na yule anayengojewa amekwisha kuja katika sura ya mtu wao wa Qadiani. Angalia jinsi maana ya neno moja la Kiarabu, neno la kutimiliza na kuchukua, lilivyoweza kumhamisha mtu kutoka mbinguni hata kaburini. Msomaji asiyejua Kiarabu atayajuaje haya? Sheikh Abdulla aliandika kitabu cha kuonyesha makosa ya tafsiri hiyo. Lakini hakuishia kubomoa nyumba ya mwenziwe. Alijenga yake, na katika miaka ya 1950 tafsiri yake ikaanza kutoka Unguja kwa vipande, juzuu baada ya juzuu, katika vijitabu ambavyo mtu aliweza kuvinunua kwa fedha kidogo na kuvitia mfukoni mwa kanzu.

Sasa nataka kueleza kilichomo katika kazi ile, kwani wengi wameisifu bila ya kusema inasifiwa kwa nini.

Sheikh aliweka Kiarabu, akaweka maana yake kwa Kiswahili, na chini akaweka maelezo. Na ndani ya maana yenyewe, kila alipoongeza neno ili Mswahili afahamu, alilitia katika mabano. Hilo ndilo jambo lenyewe. Yaliyo nje ya mabano ni maana ya maneno ya Kitabu, na yaliyo ndani ni ufafanuzi wa mja. Katika darsa ya mdomo hakuna mabano. Sheikh anasoma aya, anaeleza, anaingiza kisa alichokisikia kwa mwalimu wake, anaingiza kisa alichokisoma katika vitabu vya Israiliyati, na msikilizaji akirudi nyumbani kila kitu kimechanganyika kama mchele na pishori katika pakacha moja. Ibn Kathir wa Damaski, Mshafi mwenzetu aliyefariki mwaka 1373, alikwisha onya juu ya khabari hizi zilizoingia kutoka kwa Mayahudi na Manasara. Lakini onyo lake lilikuwa kwa Kiarabu, nasi tulikuwa tukiimba tenzi.

Wala sizidharau tenzi. Tanga yetu imezaa watungaji, naye Hemed bin Abdalla al-Buhriy peke yake angetosha kuwa fahari yetu kwa utenzi wake wa Sayyidna Huseni na ule wa vita vya Wadachi. Lakini utenzi una haki zake na Kitabu kina haki zake. Sisi watu wa milimani tunajua vizuri jinsi kisa kinavyokua. Kila mzee wa Kishambaa anasimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu akaja akawa mtawala wa Usambara, na kila mmoja ana Mbegha wake, na Abdallah bin Hemedi alipoziandika Habari za Wakilindi hakuwanyamazisha wengine. Hilo halina madhara kwa Mbegha. Kwa Manabii lina madhara.

Nabii Ayubu, nilipokuwa mdogo nilimjua kwa mabuu. Tulisimuliwa kwamba mwili wake ulioza, mabuu yakawa yanaanguka, naye akiyaokota na kuyarudisha. Nilipokisoma Kitabu kwa maana yake nikatafuta mabuu, sikuyaona. Nikaona mja aliyeguswa na dhara akamlalamikia Mola wake kwa adabu, akaambiwa apige ardhi kwa mguu wake, maji yakatoka ya kuogea na kunywa, akarudishiwa watu wake na wengine mfano wao. Haya ni machache na yanatosha. Na wanavyuoni wa itikadi wanasema Nabii hapatwi na ugonjwa wa kuwafanya watu wamkimbie, kwani vipi atafikisha ujumbe?

Nabii Daudi vivyo hivyo. Wasimulizi walileta kile kisa cha mke wa askari wake, na askari kutumwa vitani auawe. Kitabu kina magomvi wawili waliopanda ukuta, na kondoo 99 na kondoo mmoja, na Daudi akahukumu kabla ya kumsikiliza wa pili, kisha akatambua kwamba amejaribiwa, akaomba msamaha. Mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa shamba la chai, aliniuliza mbele ya watu ilikuwaje Nabii kutamani mke wa mtu. Nilimpa kitabu asome mwenyewe kwa sauti, nikamwambia asome kwanza yaliyo nje ya mabano. Aliposoma hakumkuta mke.

Na watu wa Pangoni, mbwa wao tumempa jina, nao wenyewe tumewapa majina tukayaandika katika makombe na hirizi. Kitabu hakikuwataja majina, na hata hesabu yao kimeitaja kwa tofauti za watu kisha kikairejesha kwa Mwenyezi Mungu.

Lakini kisa kilichonishughulisha miaka mingi ni cha Nabii Yusuf, nacho nitakieleza kwa urefu, mniwie radhi. Pwani nzima inamjua Zulekha. Ametungiwa nyimbo, na sura yenyewe wako wanaoiandika ili mume ampende mke. Kitabu hakimtaji Zulekha. Kinamtaja mke wa Mheshimiwa, bibi wa nyumba aliyokuwamo Yusuf, aliyefunga milango akamtaka, na wanawake wa mji wakamsengenya, naye akawaalika akawapa visu, nao wakajikata mikono walipomwona kijana. Kisha Yusuf akafungwa miaka. Mfalme alipota ndoto na kumtaka Yusuf atoke, yeye alikataa kutoka mpaka wale wanawake waulizwe. Wakaulizwa, na mke wa Mheshimiwa akakiri kwamba haki sasa imedhihiri na kwamba yeye ndiye aliyemtaka.

Baada ya kukiri huko yanafuata maneno ya mtu anayesema kwamba amefanya hayo ili yule ajue kuwa hakumfanyia khiyana kwa siri, na kwamba haisafishi nafsi yake, kwani nafsi huamrisha mabaya. Ni nani anayesema? Jalalaini wanasema ni Yusuf. Wengine, na Ibn Kathir anaipa nguvu kauli yao, wanasema ni yule mwanamke, maneno yake hayajakatika. Sasa tazama, ewe msomaji. Akiwa msemaji ni Yusuf, basi mwanamke amekiri kwa neno moja akanyamaza, na unyenyekevu ni wa Nabii anayejua kuwa salama yake ilikuwa kwa rehema ya Mola wake. Akiwa msemaji ni mwanamke, basi aliyefunga milango ndiye anayesimama mbele ya mfalme na wenziwe, anailaumu nafsi yake na kutaja msamaha wa Mola, naye amekuwa mtu mwingine. Herufi hazikubadilika hata moja. Na Kiswahili, kama Kiarabu, mtu asemapo kwamba hakufanya khiyana hakionyeshi kama ni mume au mke. Tafsiri inaweza kuuacha mlango kama ulivyo, na jina la msemaji likatiwa katika mabano tu.

Mimi nilisomeshwa kauli ya Jalalaini na nikaisomesha. Leo ninasomesha zote mbili, na moyo wangu umeelekea kwa ile ya pili, ingawa walimu wangu watanisamehe. Kama nisingaliyaona mabano nisingalijua kwamba pana swali.

Nirudi kwa mwenyewe. Mwaka 1960 alifanywa Kadhi wa Unguja. Tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi, na wanavyuoni wengi wakatawanyika. Mwalimu wake Sayyid Umar bin Sumait alikwenda zake Ngazija, nchi ya wazee wake, akafariki huko mwaka 1973. Sheikh Abdulla alikaa miaka michache, kisha mwaka 1967 akaihama Unguja. Mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, makao yake Mombasa, akishika kiti cha Sheikh Muhammad Kasim, ambacho kabla yake alikikalia Sheikh al-Amin. Na mwaka 1969 Qurani Takatifu ikatoka nzima, juzuu 30 kwa jalada moja, kwa Islamic Foundation ya Nairobi. Ni tafsiri ya kwanza ya Kiswahili iliyotimia kwa mkono wa mwanachuoni wa Kisunni. Kazi iliyoanza Unguja ya Sultani ilimalizika katika nchi nyingine, chini ya bendera nyingine.

Yafaa pia niseme lililo zito juu yake, kwani mwenyewe alipoandika mwaka 1972 kitabu cha wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika alitufundisha kutaja watu kama walivyokuwa. Ulimi wake ulikuwa mkali, na umri ulipozidi ukazidi ukali. Mtu aliyewahi kuwafasiria watu Maulidi ya Barzanji kwa Kiswahili, mwaka 1977 alitoa kitabu cha Bid'a, akawashambulia watu kwa mambo ya maulidi, na dufu, na khitma, na mengine waliyoyapokea kwa mashekhe ambao yeye mwenyewe aliwasifu katika tarekhe zake. Masharifu wa Lamu waliudhika, na wengi wa Tanga waliudhika. Katika mengi ya asili naona haki ilikuwa naye, na katika namna ya kusema naona angaliweza kupunguza. Daktari wa meno hodari huacha ufizi mzima.

Ukali huo ulitufikia hata huku Dindira. Katika miaka ya 1980 mwalimu wangu aliteremka Tanga kwa miguu na kwa gari, akarudi na Qurani Takatifu imefungwa katika kitambaa cha kanga. Mzee mmoja mwenye neno msikitini, ambaye simtaji, Mungu amrehemu, alikuwa amesikia khabari za kitabu cha Bid'a, akatoa amri kwamba hakuna kitabu cha Farsy kitakachosomwa chini ya paa lile. Watu wakagawanyika. Ndugu wawili waliolima konde moja walikuwa wakiitika salamu kwa mdomo tu. Mwaka ule tulisali Idi mahali pawili. Mwalimu hakubishana. Alikitia kitabu sandukuni chini ya mikeka, na usiku, baada ya isha, nyumbani kwake, aliwasha kandili na kuwasomea waliotaka, na wengi wa waliotaka walikuwa akina mama watu wazima, ambao msikitini hawakuwa na nafasi na kwa hiyo amri ya msikitini haikuwafika.

Wale mama Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni. Basi mwalimu alisoma Kiarabu, akasoma Kiswahili cha Sheikh, kisha akakieleza tena kwa Kishambaa. Maana ilivuka mito miwili kabla ya kuwafikia. Na tatizo likawa hili: mabano yanaonekana kwa jicho, sikio haliyasikii. Mama mmoja alimwuliza kama maneno yale yote ni ya Mungu. Tangu usiku ule mwalimu alishika desturi ya kuteremsha sauti kila alipofika penye mabano, akanong'ona hata yafungwe, kisha akainua sauti tena. Sisi watoto tulikuwa tukicheka, tukiigiza nje kunong'ona kwake. Mama walizoea upesi. Palipokuwa na mnong'ono walijua ni Sheikh Abdulla anayewasaidia, na palipokuwa na sauti waliketi vizuri wakajifunika vichwa.

Mzee aliyetoa amri alikuja mwenyewe mwaka wa tatu, akakaa nje barazani, hakuingia ndani. Alisikiliza Sura ya Yusuf nzima, aya zake zote 111, kwa masiku manne. Hakusema neno. Ramadhani iliyofuata sanduku lilichukuliwa msikitini, wala hakuna aliyetangaza kwamba amri imeondolewa.

Sheikh Abdulla aliukalia ukadhi mkuu wa Kenya zaidi ya miaka 10. Kisha alikwenda Omani, na huko Maskati akafariki mwaka 1982, umri wake miaka 70, akazikwa mbali na Unguja aliyozaliwa na mbali na Mombasa aliyoihukumia. Sheikh Saidi Musa wa Dar es Salaam, mwanafunzi wake, aliandika maisha yake kwa urefu baada ya miaka michache, naye anayetaka khabari za wake zake na watoto wake na safari zake na azitafute humo. Baada ya tafsiri yake zimetoka nyingine, mojawapo ikiwa ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani katika miaka ya 1990, na vijana wa Korogwe sasa wanasoma Kitabu na maana yake katika simu zao, wengine tafsiri hii na wengine ile.

Nakala ya mwalimu wangu ninayo. Jalada limekwenda, kurasa za mwanzo za Baqara zimeliwa na mchwa nikazibandika kwa karatasi, na pembeni mwa Sura ya Yusuf kuna alama ya mafuta ya kandili. Mwalimu alifariki, na wengi wa wale mama wamefariki. Mmoja angalipo, macho yake hayaoni tena, hukaa mbele kabisa usiku wa darsa. Juzi nilikuwa nimechoka nikasoma mabano kwa sauti ile ile ya aya, naye akanyosha mkono akaligonga goti langu ninong'one.

Tammat.